Vipimo vya udongo vimeonyesha dhahabu shambani kwetu Nzega: je, tuchimbe?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Tuko wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Familia yetu ina shamba la ekari 18 ambalo baba alirithi kwa babu. Juu kuna kilima chenye udongo mwekundu na mawe meupe, katikati tunalima mahindi na zamani tulilima tumbaku, chini ni mbuga ya mpunga. Mwaka jana alikuja mtu na mashine ya mkononi inayofanana na bunduki, akapima udongo akasema dhahabu ipo nyingi. Sikuridhika, nikachukua sampuli 12 nikapeleka maabara. Sampuli nane zimesoma dhahabu kati ya 2 na 9 ppb (sehemu kwa bilioni). Mbili za mteremkoni chini ya kilima, karibu na kisima chetu, zimesoma 46 na 71, na aseniki yake ni 160 na 210 ppm (sehemu kwa milioni) wakati nyingine zote hazizidi 15. Hiyo ya 71 niliitoa kwenye kichuguu. Moja ya pembeni mwa mbuga ina dhahabu 3 tu, ila shaba na zinki ziko juu. Ya mwisho, niliyochota palipokuwa na karasha la jirani, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, imesoma 380. Yule mtu anataka baba asaini tugawane nusu kwa nusu, achimbe duara (shimo refu la wachimbaji) hapo kwenye 380, na sisi tuuze ng'ombe sita kuchangia. Wazee nao wanasema dhahabu ya huku inahama. Je, ni kweli udongo wa juu unaweza kuonyesha kilichoko chini? Na tuchimbe wapi?"*

Asante kwa kuandika kwa kina namna hii, na mpe mzee shikamoo yangu. Kwa kuwa kuna ng'ombe sita na saini ya mzee zinazosubiri, naanza na jibu lenyewe: msiuze ng'ombe, mzee asisaini chochote kwa sasa, na hapo penye 380 msichimbe duara. Karatasi ya maabara itunzeni. Ina habari njema ndogo ndani yake, ila haiko mahali anapowaonyesha huyo bwana.

Naona mna hofu mbili zinazovutana. Mnaogopa mali ya familia isije ikapita mikononi mwa wengine mkiwa mnatazama, na mnaogopa kupoteza mifugo kwa kufuata namba ambazo hakuna aliyewaeleza maana yake. Zote mbili ni hofu za haki, na dawa yake ni moja: kuelewa namba hizo zinatokana na nini.

Udongo wa juu unaweza kweli kuonyesha kilichofukiwa chini. Njia hii ilianza kutumiwa kwa mpango katika miaka ya 1930, Urusi ya Kisovieti na nchi za Skandinavia, na hadi leo kampuni za utafutaji huanza na udongo kabla ya kuleta mashine ya kuchoronga, kwa sababu ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote. Lakini udongo haujibu swali la "tuchimbe wapi". Unajibu swali la "tuendelee kutafuta upande gani". Familia nyingi zimepoteza mali kwa kuchukua jibu la swali la pili na kulitumia kwenye la kwanza.

Sasa tuangalie inavyotokea. Mshipa wa dhahabu wa aina ya huko kwenu mara nyingi ni jiwe jeupe la kwatzi lililochanganyika na madini ya salfa na chuma, na baadhi ya madini hayo hubeba aseniki, ambayo ni sumu. Wachimbaji wanayajua kwa harufu: ukiligonga jiwe lenye aseniki nyingi kwa nyundo, linatoa harufu kama ya kitunguu saumu. Maji ya mvua na hewa vikiufikia mwamba huo, madini ya salfa yanaoza. Salfa inageuka asidi na kuondoka na maji, chuma kinabaki kama kutu na kuupa udongo wekundu, na aseniki iliyoachiwa inang'ang'ania kutu hiyo. Dhahabu yenyewe haiozi. Nyingi inabaki kama chembe ndogo mno, na kidogo huyeyuka kwa msaada wa chumvi na kemikali zinazotoka kwenye mimea na salfa, ikahama hatua chache na kuganda tena, hasa kwenye changarawe nyekundu ya moramu. Kwa muda mrefu mno mwamba mgumu unakuwa mwamba uliooza, laini kiasi cha kuchimbika kwa sururu, na katika nchi tambarare za kale kama Unyamwezi uozo huo unaweza kushuka makumi ya mita.

Juu ya mwamba huo uliooza ndipo udongo unapokaa, nao hautulii. Mvua inausukuma chini ya mteremko, mizizi inaupandisha, mchwa wanaubeba, jembe linaugeuza. Fikiria kaniki mpya iliyoloweshwa na kutandikwa juu ya jiwe lenye mteremko: rangi inachuja na kusambaa chini ya nguo, nyeusi zaidi karibu na pindo na hafifu kadiri inavyoshuka. Doa ni kubwa kuliko pindo, na katikati ya doa si pale pindo lilipo. Mshipa wenye upana wa mita moja unaweza kuacha doa la makumi ya mita kwenye udongo, na mara nyingi doa hilo liko chini kidogo ya mshipa wenyewe. Ukubwa wa doa ndio unaotuwezesha kuligundua kwa sampuli chache. Ndio pia unaowafanya watu wachimbe mahali pasipo.

Wazee wanaosema dhahabu inahama wameona jambo la kweli. Dhahabu ya udongoni imehama, kwa mvua na mteremko. Na mshipa wa mwambani hukatika, husinyaa, au husogezwa na ufa wa ardhi, kiasi kwamba duara lililokuwa linalipa linakauka ghafla na jipya linalipa hatua 20 pembeni. Kinachotokea hapo ni umbo la mwamba na mwendo wa udongo, mambo yanayoweza kupimwa na kuchorwa. Hakuna kafara linaloyabadilisha, na yeyote anayewadai fedha kwa ajili hiyo mwacheni aende zake.

Kabla ya namba, niseme kuhusu hiyo mashine ya mkononi. Inapiga eksirei kwenye tabaka jembamba la juu kabisa la udongo, kisha inasoma mwanga unaorudi kutoka kwa kila metali. Ni chombo kizuri kwa aseniki, shaba, zinki, risasi na nikeli. Kwa dhahabu ya udongoni haifai, kwa sababu inahitaji maelfu ya ppb ndipo ianze kuiona kwa uhakika, nanyi mna makumi. Zaidi ya hapo, alama ya dhahabu kwenye mashine hiyo inakaa jirani mno na alama za zinki, tangsteni na aseniki, hivyo udongo wenye aseniki 200 unaweza kumwonyesha mtumiaji asiye makini "dhahabu" ambayo haipo. Sitamwita tapeli mtu ambaye sijakutana naye. Lakini mtu anayeijua mashine yake asingeitumia kuwaambia maneno aliyowaambia. Na wakija wengine na vijiti viwili vya shaba au antena ya kutafuta dhahabu kwa mbali, hao hawapimi kitu chochote.

Pia tusafishe dhana ya wekundu na mng'aro. Udongo mwekundu unaonyesha chuma, na chuma kiko kila mahali. Vinavyometameta mchangani mara nyingi ni ulanga. Hata mawe meupe ya kilimani kwenu hayatoshi kuwa ushahidi, maana kwatzi isiyo na dhahabu ni nyingi kuliko yenye dhahabu. Yangekuwa na matundu yenye kutu ya kahawia, mahali ambapo madini ya salfa yalioza na kuondoka, ningeyatazama kwa hamu zaidi. Mvunje machache muone.

Turudi kwenye karatasi. Alama ya ppb ni sehemu moja kwa bilioni, sawa na miligramu moja ndani ya tani nzima ya udongo. Kwa hiyo 71 ni miligramu 71 kwa tani: ili upate gramu moja ungeosha tani 14 za udongo bila kupoteza hata chembe. Hakuna mtu anayechimba udongo wa namna hiyo kwa faida, na haukusudiwi kuchimbwa. Wachimbaji wa maduara wanahitaji mwamba wenye gramu kadhaa kwa tani, na namba za udongo kazi yake ni kuonyesha njia ya kwenda huko.

Sampuli zako nane zenye 2 hadi 9 ndizo ninazozithamini kuliko unavyodhani, kwa sababu zinatuambia hali ya kawaida ya shamba lenu. Bila kujua kawaida, hujui kisicho cha kawaida. Kinachotafutwa ni tofauti na jirani yake katika udongo wa aina moja. Ukubwa wa namba peke yake haufundishi kitu.

Na hapa ndipo 380 inapoanguka. Umesema mwenyewe palikuwa na karasha. Mawe yaliyosagwa hapo yalitoka kwenye maduara mengine, labda mbali kabisa na shamba lenu, na vumbi na marudio yake, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, yakamwagika juu ya udongo wenu. Maabara imepima dhahabu ya watu wengine. Kuna njia mbili rahisi za kuhakikisha. Chimba shimo la mita moja mahali hapo uchukue sampuli chini: kama dhahabu ilidondoka kutoka juu, namba itashuka haraka kadiri unavyoenda chini. Pili, omba maabara ipime zebaki kwenye sampuli ile ile, maana penye karasha na mwalo wa kuoshea dhahabu mara nyingi palikuwa na zebaki ya kunasia dhahabu, na zebaki nyingi mahali hapo itatosha kama ushahidi. Ikiwa ipo, usilime mboga hapo, na watoto wasichezee.

Sampuli ya pembeni mwa mbuga ni mtego wa aina nyingine. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha utafiti kilichoko Amani huko Usambara, alieleza jinsi udongo wa nchi hii unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilele hadi bondeni, kila hatua ikipokea kilichooshwa kutoka hatua ya juu yake. Wakulima walikuwa wanalijua hilo kabla yake. Majirani zenu Wasukuma wana jina kwa udongo wa kichanga wa mteremkoni, jina jingine kwa ule mgumu wa chini yake, na jingine kwa mbuga. Kwa mtafutaji wa madini mpangilio huo ni kila kitu. Maji yanayoshuka chini ya ardhi hubeba shaba na zinki zilizoyeyuka. Yakifika ukingo wa mbuga yanakutana na udongo wa mfinyanzi, mboji na maji yenye uchachu tofauti, nazo metali zinanaswa hapo mwaka baada ya mwaka. Namba zinapanda bila kuwepo mshipa wowote chini. Mbolea na dawa za mazao nazo huongeza shaba na zinki, nanyi mmelima tumbaku. Kwa hiyo shaba na zinki za hapo, peke yake, nisingezifuata.

Na dhahabu 3 ya hapo mbugani haimaanishi kwamba chini ya mpunga hakuna kitu. Mfinyanzi mweusi wa mbuga umeletwa na maji, unaweza kuwa mnene mita kadhaa, na hauna uhusiano na mwamba ulioufunika. Pale udongo haujasema hapana, haujasema chochote. Zipo njia za kisasa za maabara zinazochota metali chache tu zilizoshikiliwa kwa ulegevu juu ya chembe za udongo, kwa matumaini kwamba zimepanda kutoka chini kupitia tabaka lililofunika. Wanasayansi bado wanabishana jinsi zinavyopanda, kama ni kwa maji, gesi, mizizi au umeme mdogo wa ardhini. Kwa shamba lenu ni gharama isiyo na sababu leo. Acheni mbuga iendelee kutoa mpunga.

Zinabaki mbili za mteremkoni. Hizi ndizo habari njema, na nazisema kwa tahadhari.

Tahadhari ya kwanza ni kichuguu. Mchwa hushuka chini sana kutafuta unyevu na udongo wa kujengea, wakapandisha mfinyanzi kutoka kwenye mwamba uliooza. Huko Botswana, mahali penye mgodi wa almasi wa Jwaneng, mwamba wenye almasi ulifunikwa na makumi ya mita za mchanga wa Kalahari, na mchwa walikuwa wamepandisha chembe za madini yanayoambatana na almasi hadi juu. Kwa hiyo kichuguu ni dirisha zuri. Lakini udongo wake una mfinyanzi mwingi kuliko udongo wa kawaida, na mfinyanzi hushika metali nyingi zaidi. Namba ya kichuguu inalinganishwa na namba ya kichuguu kingine, isichanganywe na ya shambani. Hiyo 71 bado hatujui kama ni kubwa kwa kichuguu cha hapo. Chukua sampuli kwenye vichuguu vingine vitano au sita, vya juu na vya chini, ndipo tutajua.

Tahadhari ya pili ni bahati. Dhahabu haijasambaa kama chumvi kwenye mchuzi. Iko katika chembe. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho linaiona kwa shida, ina uzito wa maikrogramu 10 hivi. Ikiingia kwenye gramu 50 za udongo ambazo maabara inayeyusha, jibu litasoma 200. Isipoingia, udongo ule ule utasoma 3. Ndiyo sababu namba moja ya dhahabu haiaminiki mpaka irudiwe.

Kinachonifanya nisizitupe ni aseniki. Aseniki haiji kwa chembe za bahati. Imesambaa ndani ya kutu ya chuma, na husafiri mbali kidogo kuliko dhahabu, hivyo doa lake huwa pana na la kuaminika zaidi. Nyingine zote hazizidi 15, hizi mbili ni 160 na 210, na ndizo hizo hizo zenye dhahabu iliyoinuka. Mashahidi wawili wasiotegemeana wamesema jambo moja. Ziko pia chini ya kilima chenye kwatzi, ndani ya wilaya ambayo ukanda wake wa miamba ya kijani, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ulibeba mgodi wa Golden Pride uliozalisha zaidi ya wakia milioni 2 za dhahabu kuanzia mwaka 1999 mpaka ulipofungwa takriban mwaka 2014. Kama ungeniandikia kutoka kwenye graniti tupu, ambayo ndiyo iliyo chini ya sehemu kubwa ya mkoa wa Tabora, ningekuwa mzito zaidi. Wala hata huko Nzega si kila kijiji kiko juu ya ukanda huo, kwa hiyo hilo nalo lithibitishwe kwenye ramani ya jiolojia.

Hata hivyo madoa mengi ya namna hii yakifuatwa huishia kwenye mishipa myembamba isiyolipa. Huo ndio ukweli wa kazi hii, na nataka familia iujue kabla ya kuweka shilingi ya kwanza.

Sasa mfanye nini? Hatua ninayoipenda zaidi haihitaji maabara. Anzia palipo na 46, pandeni kuelekea kilima, na kila baada ya hatua 20 chimbeni shimo la kina cha goti au zaidi, mpite udongo uliolimwa. Kila shimo chukueni ndoo moja ya lita 10, kipimo kile kile bila kubadilisha, muoshe kwa karai kwa uangalifu ule ule, ikiwezekana kwa mikono ya mtu mmoja mwenye uzoefu. Hesabuni chenga za dhahabu zilizobaki na muandike. Zitazameni kwa kioo cha kukuzia: chenga zenye kingo kali na mikwaruzo, au zilizoshikana na kipande cha kwatzi, hazijasafiri mbali, zilizolainika na kuviringika zimetoka mbali. Mkipanda na chenga zikawa zinaongezeka, kisha ghafla zikakatika, mmevuka chanzo. Watafutaji wa zamani walifuata dhahabu hivyo, na bado inafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba karai halioni dhahabu ya vumbi laini, kwa hiyo ukikosa chenga usihitimishe kwamba hakuna.

Kama karai litatoa dalili, ndipo fedha ya maabara iende kazini. Ekari 18 ni hekta 7 na kitu. Acheni mbuga na pale penye karasha, gaweni sehemu ya juu kwa mistari inayokata mwelekeo wa mwamba, mita 50 kati ya mstari na mstari, sampuli kila mita 25. Mwelekeo huo mtauona kwenye mawe ya kilimani, yamelala kuelekea wapi. Chukueni udongo wa kina cha sentimita 30 hadi 50, ule mwekundu au wa kahawia ulio chini ya tabaka la jembe, kwa sababu chuma cha hapo ndicho kinachoshika aseniki. Chekecheni mawe, mweke kilo moja au mbili kwenye mfuko safi wa plastiki. Anayechota avue pete na cheni ya dhahabu. Anayekausha asianike karibu na bani la kukaushia tumbaku wala jikoni kwenye majivu. Katika kila sampuli 20, moja ichotwe mara mbili na kupelekwa kwa namba tofauti bila kuwaambia maabara. Zikitofautiana sana, mtajua kiasi cha kuziamini zilizobaki. Kwenye daftari andikeni mahali kwa GPS ya simu, rangi, mteremko, kichuguu, mawe, na kila kitu kilichowahi kufanyika hapo. Daftari hilo lina thamani sawa na majibu yenyewe. Tumeona 380 isingeeleweka bila habari ya karasha.

Kwa fedha chache, dhahabu na aseniki zinatosha. Na hapa ile mashine ya mkononi inaweza kuwafaa kweli: mtu anayeitumia vizuri anaweza kuchora doa la aseniki la shamba zima kwa siku moja, kisha mkapeleka maabara sampuli za ndani ya doa tu kwa ajili ya dhahabu.

Baada ya hapo ni mtaro, kabla ya duara. Mtaro wa kina cha mita moja na nusu unaokata doa upande wa juu, mpaka ufikie mwamba uliooza, unaonyesha mshipa kwa macho: upana wake, umelalia wapi, na sampuli zake zinahesabiwa kwa gramu kwa tani. Duara huingia mahali pamoja kwa kukisia, hula fedha nyingi, na linaweza kuua kwa kubomoka au kwa hewa mbaya. Mtu akikosa mshipa kwa mita tatu ndani ya duara hatajua kamwe kwamba alikuwa karibu. Hata mtaro usizidi kina cha kifua bila kutanuliwa kingo zake, na mtu asiingie peke yake.

Kuhusu mkataba, kuna jambo ambalo wakulima wengi wanalijua nusu. Kwa sheria ya Tanzania madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na hati au urithi wa shamba hautoi haki ya kuchimba. Haki hiyo inatoka kwa leseni. Kwa hiyo yule bwana hawezi kugawana nanyi nusu ya kitu ambacho hakuna kati yenu mwenye leseni yake. Kabla ya yote nendeni ofisi ya Afisa Madini Mkazi mkoani Tabora, chini ya Tume ya Madini, mkiwa na alama za GPS za shamba, muulize kama eneo lina leseni ya mtu tayari. Kama liko wazi, familia yenyewe inaweza kuomba leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo ni kwa Watanzania. Kama mwingine ana leseni, ninyi kama wenye ardhi mna haki ya kushirikishwa na kulipwa fidia, na hapo mtafuteni mwanasheria kabla mzee hajashika kalamu. Ramani za jiolojia na maabara zipo kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma.

Mtaalamu wa miamba wa kuja shambani mwiteni wakati karai au mistari ya sampuli imeonyesha kitu, si kabla. Akija mwekeni asubuhi nzima juu ya kilima, mumwonyeshe daftari, na mumuulize swali moja: doa hili linatoka wapi? Akiwajibu kwa kuwaonyesha mwamba, mteremko na maji, endeleeni naye. Akiwajibu kwa gramu kabla hajagonga hata jiwe, mshukuruni mumsindikize.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Umesema sampuli zenye aseniki 160 na 210 ziko karibu na kisima. Aseniki ya udongoni mara nyingi imeshikwa na chuma na haiingii majini kirahisi, kwa hiyo msiingiwe na hofu kubwa. Lakini haina rangi wala ladha majini, madhara yake huja polepole kwa miaka, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita. Nendeni ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani mwombe kuelekezwa maabara ya maji, mkataje aseniki kwa jina, maana vipimo vya kawaida vya kisima vinaweza visiihusishe. Fanyeni hilo kabla ya mtaro, kabla ya leseni, wiki hii kama mnaweza. Na jiwe lolote la kilimani litakalotoa harufu ya kitunguu saumu msilichome motoni kujaribu kutoa dhahabu. Moshi wake ni sumu.

Mkishaosha ndoo za kwanza, niandikie idadi ya chenga kwa kila shimo kuanzia chini kwenda juu, pamoja na majibu ya maji.